Je, Wajua? Chujio Lililojificha Kwenye Jiwe la Nyiragongo
Jiwe jeusi lililomwagwa na volkano ya Nyiragongo juu ya mji wa Goma mwaka 2002 limejaa vitundu. Mtu wa Bukavu mwenye tangi la samaki anaweza kulificha nyuma ya kiukuta cha mawe, pampu ndogo ikapitisha maji humo, likawa chujio.

Lakini jiwe ni nyumba tu. Wachujaji ni bakteria waliojibanza vitunduni. Hugeuza amonia ya samaki, ambayo ni sumu, kuwa nitriti, nayo sumu, kisha nitrati isiyo na sumu kali. Huhitaji wiki kadhaa kuzaana vya kutosha.

Maji ya bomba yenye klorini huwaua bakteria hao, kwa hiyo suuza jiwe kwa maji ya tangi lenyewe.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi (Bukavu, hilo si jambo geni), pampu husimama, na bakteria hukosa oksijeni na kuanza kufa.