Kichakataji na Kumbukumbu
Kitenzi chakata, kilichozoeleka katika kazi ya mkonge, ndicho asili ya istilahi kichakataji: sehemu ya kompyuta inayotekeleza maagizo ya programu. Kasi yake hupimwa kwa gigahezi. Gigahezi 1 ni mapigo 1,000,000,000 kwa sekunde. Kumbukumbu ni kitu kingine: hiyo hushikilia kazi iliyo mkononi.

Kipakatalishi kikienda polepole, husemwa tu kwamba "ni kizito", na mwenyewe hushauriwa kuongeza kumbukumbu. Lakini kikizorota baada ya kupata joto, huenda kichakataji kimejipunguzia kasi kisiungue. Tiba ya kwanza ni kuondoa vumbi katika feni. Kikizorota programu nyingi zinapofunguliwa, aghalabu kumbukumbu ndiyo iliyojaa. Asiyetofautisha istilahi hizi hulipia kifaa asichokihitaji.