Moyo Ukivunjika, Jiko Lisizimwe

Katika ukurasa huu tumezoea kuandika juu ya malaria, kuhara, shinikizo la damu na chanjo za watoto. Mwezi huu tunaandika juu ya ugonjwa usioonekana kwenye darubini, ingawa wagonjwa wake hufika zahanati mara kwa mara. Huja wakisema wana malaria. Wengine husema ni vidonda vya tumbo. Kipimo kisipoonyesha kitu huenda kupima tena mahali pengine, na pengine huko hupewa dawa, maana mgonjwa aliyelipia kipimo hapendi kurudi nyumbani mikono mitupu.

Binti mmoja, fundi cherehani wa hapa Mwanza, alitufikia hivyo mwezi Oktoba 2021. Alikuwa hajala chakula cha maana kwa siku nne, usingizi hapati, kichwa kinamgonga na mikono inatetemeka. Hatukuona malaria wala homa. Tulipomwuliza kama kuna jambo nyumbani, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba tangazo la pili la ndoa yake lilikuwa limekwisha kusomwa kanisani, na la tatu halitasomwa. Mchumba wake alikuwa amebadili nia, tena kwa simu. Mahari ilikuwa imekwisha kupokelewa nusu, kamati imekusanya michango, na gauni la harusi, ambalo alilishona mwenyewe, bado lilikuwa linaning'inia kibandani mbele ya wateja. Ametukubalia tueleze habari zake bila kumtaja, kwa sababu anasema wako wengi kama yeye wanaokunywa dawa za malaria bure.

Je, huu ni ugonjwa kweli, au ni udhaifu wa moyo tu? Wako wanaomcheka mtu wa namna hii na kumwambia "wanaume wako wengi". Lakini mwili haujui utani huo. Mtu akipata mshtuko, mwili humwaga homoni za hatari, mathalani adrenalini na kotisoli, kana kwamba yuko mbele ya simba. Moyo hudunda, tumbo hupunguza kazi ya kusaga chakula, na usingizi huwa mwepesi kama wa mlinzi. Simba angekuwa simba, angeondoka na mwili ungetulia. Aliyeachwa huamka naye kila asubuhi.

Mwaka 2011 mtafiti wa Marekani, Ethan Kross, na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu 40 ambao walikuwa wameachwa na wapenzi wao bila kupenda. Waliwapiga picha za ubongo huku wakitazama sura ya aliyewaacha, kisha wakawapiga tena huku wakiguswa mkononi na kitu cha moto. Sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu ya mwili zilifanya kazi mara zote mbili. Kwa hiyo mtu akisema "inaniuma", tusidhani anatumia lugha ya mashairi.

Kadhalika kuna hali ambayo madaktari wa Japani waliieleza mwaka 1990, ambapo baada ya huzuni au hofu kubwa moyo wenyewe hudhoofika ghafla na kuvimba upande mmoja, ukawa na umbo la chungu cha kunasia pweza. Waliita takotsubo, jina la chungu hicho. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na wengi hupona katika majuma machache. Lakini dalili zake hufanana na za mshtuko wa moyo. Basi mtu akishikwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, hata kama ametoka msibani au ameachwa jana, apelekwe hospitali upesi. Asiambiwe ni majonzi tu.

Turudi kwa fundi wetu. Siku ile tulimwambia apumzike, afunge kibanda kwa wiki moja. Hapo tulikosea. Alipumzika kweli: alijifungia chumbani, pazia limeshushwa, simu mkononi, akisoma ujumbe wa zamani na kutazama picha za yule bwana kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane. Aliporudi kwetu alikuwa amekonda zaidi. Dawa ya uchovu ni kupumzika, lakini yeye hakuwa amechoka kazi.

Tangu miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Peter Lewinsohn, alieleza kwamba mtu mwenye huzuni nzito huacha kidogo kidogo mambo yaliyokuwa yanampa raha, na kwa kuyaacha huzuni yake huzidi, na ikizidi huacha mengine. Njia ya kuukata mzunguko huo ni kuanza na tendo, si kungoja hamu. Wengi wetu hufikiri kinyume: hamu ikirudi nitapika, nikijisikia vizuri nitatoka. Hamu haiji hivyo. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Uingereza kwa wagonjwa 440 wa sonona. Wale waliosaidiwa na wahudumu wa ngazi ya chini kurudia shughuli zao, kwa mpango na kwa hatua ndogo, hawakupata nafuu pungufu kuliko wale waliotibiwa mawazo na wataalamu wa gharama kubwa.

Tukamwomba binti yetu atutajie vitu vidogo vilivyokuwa vinamfurahisha kabla hajamjua yule bwana. Alifikiri sana. Akasema: kufua mashuka na kuyalalia yakiwa na harufu ya jua, kupika, na safari ya meli kwenda kwa shangazi yake Bukoba. Tukamwandikia vitu hivyo vitatu kwenye karatasi ya dawa. Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu tumwone.

Mashuka yalikuwa kazi ya siku ya kwanza, na ndiyo yote tuliyomtaka afanye siku hiyo. Kisha akageuza kitanda kitazame dirishani, ili mwanga wa asubuhi umpate. Jambo hili si urembo tu. Mwanga wa asubuhi ndio unaoweka sawa saa ya ndani ya mwili, na mtu anayeamka saa ile ile kila siku na kutoka nje mapema hupata usingizi kwa urahisi zaidi usiku. Zawadi za yule bwana hakuzichoma, ingawa dada zake walimshauri hivyo. Alizifunga pamoja na gauni kwenye sanduku, akamkabidhi mama mwenye nyumba wake alihifadhi. Sisi tunaona alifanya vyema. Kilichochomwa hakirudi, na uamuzi wa mtu asiyelala siku kumi si wa kuutegemea.

Jikoni alichelewa. Nani atapika kwa ajili ya mdomo mmoja usiotaka kula? Yule mama mwenye nyumba ndiye aliyepata dawa. Alimwita jioni moja akamwambia, "Mwanangu, mgongo unaniuma, leo utatupikia wewe." Mgongo wake, tulivyosikia baadaye, haukuwa na tatizo lolote. Siku ya kwanza vitunguu viliungua kwa sababu mpishi alikuwa ametazama ukuta. Siku ya pili chumvi ilizidi, wajukuu wakalalamika. Siku ya nne alipika sato wa mchuzi na ugali, akaonja, akaomba ndimu. Ndugu msomaji, mgonjwa anayeomba ndimu ameanza kupona.

Kupika kuna faida ambazo kidonge hakina. Mikono yote miwili ina kazi, na mwiko hauruhusu simu. Pua hupata harufu kabla tumbo halijakubali, na harufu hiyo huamsha mate na tumbo lenyewe. Tena kuna watu wanaongoja, na mtu aliyepika sufuria nzima huona haya asionje. Kwa asiyeweza kabisa kula, aanze na uji wa ulezi wenye maziwa, kikombe kidogo mara nne au tano kwa siku, badala ya kupigana na sahani moja kubwa ya mchana. Anywe maji. Pombe aiache kwa sasa, iwe konyagi au ya ndizi. Ni kweli humlaza mtu haraka, lakini humwamsha saa nane za usiku, na saa nane za usiku ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa aliyeachwa. Dawa za usingizi za jirani zisiguswe.

Mwezi Novemba akapanda meli. Tulimpa masharti mawili: aende kwa mtu anayemngoja, na awe na siku ya kurudi. Safari isiyo na mwenyeji wala tarehe ni kukimbia, na aliyekimbia hubeba mzigo wake vile vile. MV Victoria, iliyokuwa imesimama tangu mwaka 2014, ilikuwa imerudi kazini mwaka 2020, nayo ilikata ziwa usiku kucha. Anasema hakulala. Alikaa nje amejifunga khanga mbili, akaona taa za Mwanza zikizama, na kulipopambazuka akakiona Kisiwa cha Musila na nyuma yake mji wa Bukoba. Akagundua kwamba kwa muda wa saa nzima alikuwa hajamfikiria mtu yeyote.

Ulikuwa msimu wa senene. Wasomaji wetu wa Kagera hawahitaji maelezo, lakini wengine wajue kwamba panzi hawa huruka usiku kwa makundi na kufuata mwanga, na siku hizi hunaswa kwa taa kali na mabati yanayowatelezesha ndani ya mapipa. Shangazi hakumwuliza neno juu ya harusi. Alimwekea ungo mbele yake. Kazi ya kunyonyoa mabawa na miguu ni ya saa nyingi, hufanywa na wanawake wakiwa wameketi kwenye nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni, na mazungumzo huja yenyewe. Zamani mwanamke wa Kihaya aliwakamata na kuwaandaa senene, lakini mwiko ulimkataza kuwala. Akina mama pale walicheka sana juu ya jambo hilo huku wakionja kutoka kwenye kikaango. Senene hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi. Siku ya tatu, akiwa na ungo magotini, alieleza habari yote, kwa mara ya kwanza, mbele ya wanawake watano. Mmoja wao alisema tu, "Pole mwanangu. Mimi pia," akaendelea kunyonyoa.

Tulipoisikia habari hiyo tulikumbuka Zimbabwe, ambako Daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa bibi wa mitaani wanaokaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye maradhi ambayo Washona huyaita kufikiri kupita kiasi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016, kwa wagonjwa 573 katika zahanati 24, yalionyesha kwamba waliosikilizwa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Hata hivyo, si kila huzuni huisha kwa ungo wa senene. Kama majonzi yanamkaa mtu karibu siku nzima kwa wiki mbili mfululizo, hali, halali, hafanyi kazi, aletwe zahanati. Akisema hataki kuishi tena, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, msimwache peke yake, ondoeni dawa na sumu karibu naye, na mleteni siku hiyo hiyo. Kumwuliza waziwazi kama anafikiria kufa hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kusema.

Binti yetu alirudi kwa tarehe aliyoahidi. Meli ilisimama Kemondo kupakia ndizi, naye alikuwa na makopo mawili ya senene, moja la kwake na moja la mama mwenye nyumba. Gauni lilibaki sandukuni hadi mwaka uliofuata, alipoliuza kwa bei nzuri. Kopo la mama lilifika Mwanza limebaki nusu.