Almasi Haikati Kila Chuma

Swali ni lilelile, na safari hii limeletwa na mwenye karakana ya kukereza vyuma: "Mhandisi, mnasema almasi ni ngumu kupita vyote. Mbona jiwe langu la kusagia la almasi limekwisha kwa gia chache tu? Nimeuziwa feki?"

Hukuuziwa feki. Jiwe lilikuwa zima. Kazi ndiyo haikuwa yake. Imani kwamba kigumu zaidi hukata kila kitu imewamalizia mafundi fedha zao, na ni lazima tuiache.

Chukua donge la chumvi ya mawe. Ni gumu kuliko uji, hakuna anayebisha. Litumbukize kwenye uji wa moto, kisha urudi kulitafuta. Uji haukulivunja, umelila. Almasi nayo hupotea vivyo hivyo ndani ya feleji. Almasi ni kaboni tupu, na chuma kikipata moto kina uchu wa kaboni. Feleji yenyewe ni chuma kilichokwisha kula kaboni kidogo, na bado hakijashiba. Pale punje ya almasi inaposuguana na feleji inayozunguka kwa kasi, joto huweza kupita nyuzi 700. Hapo chuma huigeuza almasi kuwa grafiti, ileile ya penseli, kisha huinyonya. Katika ugomvi huo ugumu hauulizwi.

"Basi ongeza maji," ndiyo dawa inayotembezwa karakanani. Haiponyi. Maji hupoza kipande kizima, lakini punje inapokata imezama ndani ya chuma, na joto lake huzuka na kufanya madhara kabla maji hayajafika. Na anayenijibu kwamba kisu chake cha jikoni hukinoa kwa jiwe la almasi bila tatizo, ananiunga mkono bila kujua: mkono wa mtu hauzalishi joto hilo. Feleji ikiwa baridi, almasi iko salama.

Kitu cha kukatia feleji ngumu kinajulikana tangu 1957. Mwaka huo Robert Wentorf wa kampuni ya General Electric, Marekani, alitangaza matokeo ya kuibana nitridi ya boroni, unga mweupe unaoteleza kama grafiti. Mpaka leo viwanda hufuata njia hiyo: kanieneo ya karibu mara 50,000 ya hewa tunayovuta, joto la nyuzi 1,500 hivi, na kichocheo kama nitridi ya lithiamu. Atomi zilezile hujipanga upya, safari hii kwa mpango wa almasi. Hiyo ndiyo nitridi ya boroni ya kimchemraba, ambayo mafundi huiita CBN. Ugumu wake ni kama nusu tu ya ule wa almasi. Lakini haina kaboni, kwa hiyo chuma hakipati cha kula, nayo hudumu mahali ambapo almasi huyeyukia.

Basi chagua hivi. Feleji iliyotiwa ugumu, kuanzia 45 kwa kipimo cha Rockwell C, na chuma cha kumimina kama cha diski za breki: CBN. Feleji laini: baki na kabaidi, kwa kuwa CBN huko huchakaa upesi na bei yake ni kubwa. Alumini, shaba, vigae, zege na mawe: almasi. Mashine iwe imara. Inayotikisika itaipasua ncha ya CBN siku ya kwanza. Ncha ya kukerezea feleji ngumu mara nyingi ikate kavu, maana maji yanayokuja na kukatika huipasua pia. Jiwe la kusagia la CBN lipe mafuta badala ya maji ukiweza, kwani mvuke wenye joto kali huila nitridi yenyewe. Na dukani usiombe "nitridi ya boroni" ukanyamaza. Ule unga mweupe wa awali haukati kitu: hupakwa kwenye kalibu ili alumini iliyoyeyuka isinate humo, na hutiwa hata kwenye poda za uso.

Usiende tena kwa muuzaji kuuliza kipi kigumu kuliko vyote. Mpelekee kipande cha chuma unachotaka kukikata.