Farasi wa Ngong Road: jirani tusiyemjua

Kutoka Sarang'ombe unaweza kufika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road kwa miguu. Uko pale tangu 1954, lakini wengi wetu huuona tu tukipita kwa matatu.

Wanaokimbia humo ni Thoroughbred, farasi waliotokea Uingereza kati ya karne ya 17 na 18. Kwa upande wa baba, wote duniani wanarudi kwa madume watatu: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian.

Mambo ya kupandikiza kwa sindano hayaruhusiwi. Dume asipompanda jike mwenyewe, mtoto haandikishwi. Mimba ni miezi 11. Kwenye nchi za baridi, majike hungoja siku zirefuke. Hapa ikweta, mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hivyo msimu haubani sana. Shida ni visubi, wanaoeneza ugonjwa hatari wa farasi. Lazima wachanjwe, na usiku walale bandani.

Farasi huulizwa ukoo wa miaka 300. Saisi, anayemlisha na kumsugua, haulizwi babake ni nani. Anaulizwa kama ataamka alfajiri, na kama haogopi mateke. Hizo mbili, mtaani tunazo.