Je, Wajua? Simu Inayokusomea

Je, wajua kuwa programu ya kusoma maandishi kwa sauti haina sauti yake yenyewe? Kwenye simu za Android, inayotamka ni injini ya usemi iliyokwishakaa ndani ya simu. Programu utakayoiunda kazi yake ni kuikabidhi injini maneno na kuitajia lugha. Ndiyo maana programu ileile, ukiihamishia kwenye simu ya jirani, huenda ikasikika kama mtu mwingine kabisa.

Je, wajua kuwa Android ilianza kusoma kwa sauti mwaka 2009, katika toleo la 1.6? Ilikuja na Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili kilisubiri.

Na mashine ya kusema ni ya zamani kuliko umeme wa majumbani. Wolfgang von Kempelen alichapisha kitabu kuhusu ya kwake huko Vienna mwaka 1791: mivukuto ndiyo mapafu, na mdomo ni wa mpira, unaobanwa kwa mkono. Ni yuleyule aliyewahadaa wafalme kwa mashine ya kucheza sataranji iliyoficha mchezaji tumboni. Safari hii hapakuwa na mtu ndani.

Je, wajua kuwa huhitaji kujua kuandika msimbo? Mtambo wa bure wa MIT App Inventor hufunguliwa kwenye kivinjari. Unaweka kisanduku cha kuandikia, kitufe kimoja na kijenzi cha usemi, kisha unaunganisha vipande viwili vitatu: kitufe kikibonyezwa, tamka kilichoandikwa kisandukuni. Chai haijapoa, umemaliza.

Wanaoandika msimbo wenyewe hukwama mahali pamoja: wanaiamuru injini iseme kabla haijawa tayari. Injini huwashwa kwanza, ikaitikia kwamba ipo, ndipo ipewe maneno. Ukiiharakisha inanyamaza kimya, nawe unabaki kukagua spika isiyo na kosa. Tena tangu Android 11, usipotangaza kwenye faili la maelezo ya programu kwamba unatafuta injini ya usemi, simu inaweza kukuficha injini zilizomo. Hapo programu inaongea vizuri kwenye simu kuukuu na kuwa bubu kwenye mpya.

Je, wajua kuwa Android haimezi zaidi ya herufi 4,000 kwa mkupuo? Riwaya lazima ikatwekatwe. Kata penye nukta. Ukikata katikati ya sentensi, sauti hushuka pasipo mahali pake.

Kiswahili chaonekana chepesi kwa mashine, maana huandikwa kama kisemwavyo. Mtego uko kwenye tarakimu. Jaribu kuandika: “Watoto 3 wamekula machungwa 2.” Injini isiyofundwa itasema “watoto tatu”, na hapo bibi yeyote atajua anayesoma si mtu. Ili ipate “watatu” na “mawili”, lazima irudi nyuma itazame ngeli ya nomino. Tena si kila namba: 1, 2, 3, 4, 5 na 8 hufuata ngeli, ilhali 6, 7, 9 na 10 hazijali. Ongeza “20%”, ambayo husomwa kuanzia mwisho, asilimia ishirini. Na “13:30”, ambayo kwetu ni saa saba na nusu mchana. Kwa maoni yangu, anayeuza sauti ya Kiswahili apimwe kwa sentensi za namna hii kabla ya kusifiwa kwa utamu wa sauti.

Na neno “barabara”? Mkazo ndio huamua kama ni njia ya magari au ni sawasawa.

Je, wajua kuwa eSpeak NG, injini ya bure inayojua Kiswahili, ni ya megabaiti chache tu? Sauti yake ni ya kiroboti mno, lakini wasioona wengi huipenda kwa kuwa inaeleweka hata ikisoma mbiombio.

Je, wajua kuwa faili la APK, lile unalosakinisha, ni kifurushi cha zip? Limetiwa saini ya muundaji. Ukipoteza ufunguo wa saini hiyo, simu itakataa toleo lako jipya lisikae juu ya la zamani. Na tangu Android 8, ruhusa ya kusakinisha faili la nje ya duka hupewa programu moja moja. Ukikiruhusu kivinjari leo, kinyang'anye ruhusa hiyo ukishamaliza.

La mwisho: sauti nyingine hukaa ndani ya simu na hufanya kazi bila bando, nyingine hupeleka maandishi kwenye seva, yakarudi yakiwa sauti. Kabla ya kusomewa ujumbe wa benki, fungua mipangilio uangalie yako ni ipi.