Bima ya Matibabu: Tuchague Ipi?



Mwezi huu hatutazungumza juu ya ugonjwa wala dawa. Tutazungumza juu ya jambo linalowafanya wagonjwa wengi wachelewe kufika hospitalini, nalo ni fedha. Sisi tunaofanya kazi wodini tunaliona mara kwa mara. Mgonjwa ameanza kuumwa Jumatatu, analetwa Ijumaa. Ukiwauliza ndugu zake walikuwa wapi siku zote hizo, wanatazama chini. Walikuwa wakimtafutia ng'ombe mnunuzi.

Hebu tuwasimulie habari za mama mmoja kutoka Mkiwa. Ni mjane, mtu mzima, na ana shinikizo la damu la siku nyingi. Mtoto wake anafanya kazi Dar es Salaam, naye ni kijana anayempenda mama yake. Alimkatia bima ya matibabu katika kampuni binafsi, akalipa fedha nyingi, kisha akamtumia kadi kwa basi. Mama aliifunga kadi ile katika kitambaa pamoja na kadi yake ya kliniki. Usiku alipozidiwa, ndugu walikodi gari, wakamleta kwetu, wakaitoa kadi kwa matumaini makubwa. Karani alitafuta jina la hospitali yetu katika orodha ya kampuni, hakulikuta. Karibu hospitali zote katika orodha ile zilikuwa za miji mikubwa. Kulipopambazuka kijana aliwapigia simu wenye kampuni. Jibu lao lilikuwa kwamba hata kama mama angepelekwa mjini, shinikizo la damu ni ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kukatiwa bima, na katika mwaka wa kwanza haulipiwi.

Mama alitibiwa, maana mgonjwa mahututi haachwi mlangoni. Lakini gharama zililipwa kwa mbuzi na kwa deni.

Kampuni haikumwibia mtu. Yote yalikuwa yameandikwa katika karatasi za mkataba. Kosa ni kwamba kadi ilichaguliwa kwa macho ya Dar es Salaam, na mgonjwa anaishi Mkiwa. Ndiyo maana tunaandika makala hii. Bima inayokufaa si ile ya bei ya chini kabisa, wala ile yenye kadi inayong'aa. Ni ile itakayokubaliwa mahali unapotibiwa, kwa ugonjwa unaoelekea kukupata, wewe na watu wa nyumba yako.

BIMA NI NINI?

Vijiji vyetu vingi vina vyama vya kufa na kuzikana. Kila mwanachama hutoa mchango wake. Akifiwa, chama kinamsaidia. Mwaka ukipita bila msiba, hakuna anayekwenda kwa mweka hazina kudai arudishiwe fedha zake, bali anamshukuru Mungu. Bima ya matibabu ni vivyo hivyo. Fedha zako hazikai kibindoni zikikungojea wewe. Mwaka huu zimemtibu mwenzako, na mwakani za mwenzako zitakutibu wewe. Kwa hiyo anayesema, "Nimelipa mwaka mzima sikuugua, wamekula fedha zangu," hajaelewa.

Jambo hili si geni duniani. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883. Kwetu Tanzania, utaratibu wa wananchi kuchangia gharama katika hospitali za serikali ulianza mwaka 1993. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kujaribiwa wilayani Igunga, kwa jirani zetu ukishateremka mlima Sekenke. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulitungiwa sheria mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001.

BIMA ZA NAMNA GANI ZIPO?

Kwanza, kuna Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Ulianza na watumishi wa serikali. Mchango wao uliwekwa kuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitolewa na mtumishi na nusu na mwajiri, nao uliwahudumia mtumishi, mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne. Baadaye mfuko ulifungua milango kwa makundi mengine.

Pili, kuna mpango wa wananchi wa kawaida. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita mikoani ilikuwa ikilipa Sh. 30,000/= kwa mwaka. Ilikuwa bei nafuu, lakini matibabu yake yalitegemea zaidi vituo vya serikali, na mwisho wake ulikuwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, yenye lengo la kumwingiza kila mkazi wa nchi katika bima. Sheria mpya huleta taratibu mpya na viwango vipya. Usitegemee bei uliyoambiwa na jirani mwaka juzi. Uliza kwa mtendaji wa kijiji au katika zahanati.

Tatu, kuna kampuni binafsi. Hizi husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Nyingi huuza kwa waajiri, vikundi na familia zenye kipato. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuchagua kiwango cha matibabu unachotaka. Ugumu wake ni bei, na masharti yanayohitaji kusomwa polepole.

Kabla ya kununua chochote, ujue pia kwamba yako matibabu yenye msamaha. Kwa sera ya afya ya nchi yetu, watoto wa chini ya miaka mitano, akina mama wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo husamehewa malipo katika vituo vya serikali. Dawa za kifua kikuu, ukoma na virusi vya UKIMWI hutolewa bure. Lakini usidhani kwamba msamaha huo unakufuata kila hospitali. Katika hospitali za misheni hutegemea mkataba uliopo kati ya hospitali na serikali. Uliza mapema.

MASWALI SABA KABLA YA KULIPA

1. Je, hospitali yangu imo? Andika katika karatasi mahali ambapo kweli unatibiwa. Mtu wa Mkiwa ataanza na zahanati. Akizidiwa, atashika barabara ya Itigi kwenda Mtakatifu Gaspar, au ataelekea Makiungu au Singida mjini. Akipewa rufaa, huenda akafika Benjamin Mkapa kule Dodoma, Bugando au KCMC. Chukua karatasi hiyo, uilinganishe na orodha ya bima. Tena usimwulize wakala peke yake. Nenda hospitalini, umwulize karani wa bima. Na uulize upya kila mwaka, maana mikataba hubadilika. Tarehe 1 Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi nchini ziliacha kuwapokea wanachama wa Mfuko wa Taifa kwa sababu ya mvutano juu ya bei mpya. Wenye kadi walijikuta wakiambiwa walipe taslimu.

2. Nani wamo? Hesabu watu wa nyumbani mwako kama walivyo. Je, bibi anayelea wajukuu ataweza kuwaandikisha wajukuu hao? Je, mzee atapokelewa? Kampuni nyingi huweka kikomo cha umri kwa anayejiunga mara ya kwanza. Kadi ya baba peke yake haimsaidii mtoto mwenye degedege.

3. Magonjwa yapi hayalipiwi? Hapa ndipo mama yetu alipokwama. Uliza kwa kutaja majina: shinikizo la damu, kisukari, pumu, selimundu, saratani, kusafisha damu kwa wenye figo mbovu. Uliza kama ugonjwa ambao tayari unao utalipiwa, na baada ya muda gani. Wala usifiche ugonjwa wakati wa kujaza fomu. Ukigunduliwa, wanaweza kukataa kulipa hata matibabu mengine.

4. Uzazi unaanza kulipiwa lini? Kampuni nyingi huweka miezi kadhaa ya kungoja, mara nyingine karibu mwaka mzima. Mama akinunua bima mimba ikiwa na miezi mitano, atajifungua kabla kadi haijaanza kumsaidia. Uliza pia kama kujifungua kwa upasuaji kunalipiwa, na kwa kiasi gani.

5. Kikomo ni kiasi gani? Bima nyingi huweka kiasi cha mwisho kwa mwaka, kimoja kwa kulazwa na kingine kwa matibabu ya kwenda na kurudi. Uliza kama kiasi hicho ni cha mtu mmoja au cha familia nzima. Tuseme kikomo cha kulazwa ni shilingi milioni mbili kwa familia. Baba akivunjika mguu kwa ajali ya pikipiki na kufanyiwa upasuaji, huenda watoto wakabaki bila kitu hadi mwaka uishe. Kama huwezi kulipia vyote viwili, ulinde kwanza kulazwa na upasuaji. Dawa ya malaria kwa kawaida mtu ataimudu, lakini upasuaji wa ghafla ndio unaouza ng'ombe wa kulimia.

6. Nitalipa nini mwenyewe? Baadhi ya bima humtaka mgonjwa achangie kidogo kila anapotibiwa. Nyingine humtaka alipe kwanza, kisha adai fedha zake kwa kupeleka risiti. Utaratibu huu wa pili ni mgumu kwa mtu wa kijijini, maana fedha za kulipa kwanza ndizo ambazo hana. Uliza pia habari za gari la wagonjwa.

7. Je, mwakani nitaweza tena? Bima ya mwaka mmoja ikikatika, ukija kurudi baadaye huenda ukahesabiwa mgeni, na miezi ya kungoja ikaanza upya. Ni afadhali bima ya kadiri unayoweza kuilipia kila mwaka kuliko bima kubwa ya mwaka mmoja.

MBONA WANATUWEKEA MIEZI YA KUNGOJA?

Wengi hutuuliza swali hili kwa uchungu. Fikirieni chama cha kuzikana ambacho watu wanajiunga siku ya msiba tu. Kingedumu siku ngapi? Mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi, ambao mzazi alilipa Sh. 50,400/= kwa mwaka, ulisitishwa, na watoto wakaelekezwa kuandikishwa kupitia shule. Sababu kubwa iliyotolewa ilikuwa kwamba wazazi wengi waliwaandikisha watoto waliokwisha kuugua, hivyo mfuko ulilipa kuliko ulivyopokea. Mfuko ukielemewa na wagonjwa, hata yule mwenye shida ya kweli hukosa pa kukimbilia. Jiunge ukiwa mzima.

TULIPE LINI?

Kwa sisi watu wa Singida jibu ni rahisi: tunapouza alizeti. Baada ya mavuno fedha zinapita mikononi mwetu, na zinapita upesi. Kufika Januari na Februari ghala limepungua, mvua inanyesha, mbu ni wengi, na mfukoni hamna kitu. Basi baba na mama wakae pamoja siku ile ile ya kuuza, watenge fedha ya bima kabla ya kununua simu au kulipia sherehe. Wenye vikundi vya kuweka na kukopa wanaweza kuchangishana kidogo kidogo mwaka mzima, kisha wakalipa kwa pamoja.

Ukilipa, dai risiti. Kama ni kampuni binafsi, hakikisha kwamba kampuni na wakala wake wamesajiliwa na TIRA, wala usimpe mtu fedha mkononi kwa sababu ya maneno matamu. Kagua majina na picha ya kila mmoja. Tunza kadi pamoja na kitambulisho. Ukiona umeonewa na kampuni, peleka malalamiko yako kwa kampuni yenyewe kwa maandishi. Usiporidhika, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Na jambo moja tunaloliomba kwa nguvu: usimwazime mtu kadi yako, hata akiwa ndugu. Licha ya kuwa ni udanganyifu, ni hatari. Habari za ugonjwa wake zitaandikwa katika jalada lako. Siku utakapoletwa hujitambui, tutasoma jalada na kudhani una kisukari usichokuwa nacho, au tutakosa kuona kwamba kuna dawa inayokudhuru.

MWISHO

Bima haimzuii mtu kuugua. Chandarua, maji yaliyochemshwa, choo bora na kliniki ya wajawazito bado vina kazi yake. Lakini bima humwezesha mgonjwa kuletwa Jumatatu badala ya Ijumaa, na siku hizo nne mara nyingi ndizo zinazotenganisha kupona na kufa.

Yule kijana wa Dar es Salaam alikuja likizo mwaka uliofuata. Kabla ya kulipa chochote alimchukua mama yake, wakaja hospitalini na kadi ya kliniki mkononi. Alisimama dirishani kwa karani, akasema, "Shikamooni. Hapa kwenu mnapokea kadi zipi?"

Ndugu msomaji, nawe anza na swali hilo.