Kilichobaki Katika Kichujio

Mpishi akamuapo nazi hupata vitu viwili: tui na machicha. Tui ndilo alitakalo, lakini mpishi mzoefu hayatupi machicha kabla ya kuyatazama. Yakiwa bado yana mafuta, huyatia maji na kuyakamua tena. Desturi hiyo ndogo ya jikoni ina funzo kubwa kwa wale wanaochuja kumbukumbu kwa kompyuta.

Katika biashara za siku hizi karibu kila mauzo huandikwa, na kampuni yenye maduka machache tu huweza kukusanya maelfu ya stakabadhi kwa mwezi. Hakuna meneja awezaye kuzisoma zote. Kwa hiyo huiagiza programu ya uchambuzi imletee zile tu zinazotimiza masharti fulani. Mkusanyiko wa masharti hayo ndio uitwao kichujio cha data. Sharti moja ni jambo jepesi. Ugumu huanza pale masharti mengi yanapounganishwa.

Maneno matatu

Kichujio chochote, hata kiwe tata namna gani, huweza kujengwa kwa maneno matatu: NA, AU, SI. Misingi ya hesabu yake iliwekwa na George Boole, aliyezaliwa Lincoln, Uingereza, mwaka 1815. Baba yake alikuwa fundi viatu, na Boole hakusoma chuo kikuu. Alianza kufundisha shule akiwa na umri wa miaka 16, akajisomea hisabati mwenyewe, na mwaka 1849 akawa profesa huko Cork, Ayalandi. Katika kitabu chake cha mwaka 1854 alionyesha kwamba hoja za mantiki huweza kukokotolewa kwa alama kama zile za aljebra.

Tatizo ni kwamba maneno hayo matatu hayana maana ileile kinywani mwa watu na ndani ya mashine. Meneja asemapo, “Nataka mauzo ya Tanga na Moshi,” karani humwelewa mara moja na kumletea mauzo ya miji yote miwili. Mashine ikiambiwa mji uwe Tanga NA mji uwe Moshi, haitaleta hata stakabadhi moja, kwa kuwa hakuna mauzo yaliyofanyika mahali pawili kwa wakati mmoja. Neno alilolihitaji meneja ni AU.

Mabano na ukanushi

Na uchukuliwe mfano wa kubuni wenye stakabadhi 20. Za sukari ni 3 za Tanga na 5 za Moshi. Za mchele ni 2 za Tanga na 2 za Moshi. Za sabuni ni 4 za Tanga na 4 za Moshi. Meneja anataka sukari au mchele uliouzwa Tanga. Jibu sahihi ni stakabadhi 5. Lakini mwandishi wa programu akiandika bila mabano “sukari AU mchele NA Tanga”, lugha nyingi za kompyuta hutekeleza NA kabla ya AU, kama vile kuzidisha kunavyotangulia kujumlisha. Mashine italeta sukari yote ya miji yote miwili, pamoja na mchele wa Tanga: jumla 10. Jibu limekuwa maradufu, wala hakuna kengele iliyolia.

Neno SI lina mtego wake. Meneja akitaka kuondoa sukari ya Tanga peke yake, zitabaki stakabadhi 17. Akiandika “si sukari NA si Tanga”, atabakiwa na 6 tu, kwa kuwa ameondoa sukari yote na Tanga yote. Kanuni inayohusika hapa hubeba jina la Augustus De Morgan, mwanahisabati aliyeishi wakati mmoja na Boole: unapokanusha masharti mawili yaliyounganishwa kwa NA, hukanusha kila moja na NA hugeuka kuwa AU. Namna sahihi ni “si sukari AU si Tanga”.

Nafasi tupu

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alipendekeza kumbukumbu zihifadhiwe katika majedwali yanayohusiana. Kutokana na wazo hilo ilizaliwa lugha ya SQL, ambayo hata leo hutumika sana katika uchambuzi wa biashara. Katika lugha hiyo, jibu la sharti si “kweli” au “si kweli” tu. Kuna jibu la tatu: “haijulikani”.

Tuseme stakabadhi 3 zaidi zimeingizwa, nazo hazikuandikwa mji. Sasa zote ni 23. Ukiuliza zilizo za Tanga, utapata 9. Ukiuliza zisizo za Tanga, utapata 11. Jumla ni 20. Zile 3 hazikupita katika kichujio cha kwanza wala cha pili, kwa sababu kichujio hupitisha tu safu ambayo jibu lake ni “kweli”. Asiyejumlisha hatagundua kamwe kwamba zimepotea.

Kosa la namna hii dukani huleta hasara ya fedha. Lakini kuchuja ni kuchuja, iwe ni sukari inayohesabiwa au maisha ya watu.

Usiku wa kuamkia safari

Jioni ya tarehe 27 Januari 1986, wahandisi na mameneja nchini Marekani walijadiliana kwa simu kama chombo cha angani Challenger kirushwe kesho yake, maana baridi kali ilitazamiwa. Wahandisi walihofia kwamba baridi ingedhoofisha pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi. Walitazama safari 7 za nyuma ambazo pete zilionyesha dalili za kuharibika. Baadhi zilirushwa wakati wa ubaridi, nyingine wakati wa joto. Uhusiano haukuonekana wazi. Ingawa wahandisi walipendekeza kusubiri, uamuzi wa mwisho ulikuwa kurusha.

Tume iliyochunguza baadaye ilionyesha kasoro ya kichujio hicho: safari ambazo pete hazikudhurika ziliachwa nje. Zikirudishwa, picha hubadilika. Safari zote zisizo na dalili zilirushwa katika nyuzi 66 za Farenhaiti au zaidi, yaani takriban 19 za Selsiasi. Safari zote 4 zilizorushwa katika nyuzi 63 au chini yake zilikuwa na dalili. Asubuhi ya tarehe 28 hali ya hewa uwanjani ilikuwa nyuzi 36 tu. Challenger ilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, na wote 7 waliokuwamo walikufa. Mmoja wao alikuwa Christa McAuliffe, mwalimu wa shule ya sekondari.

Kuhesabu machicha

Basi, mtengenezaji wa kichujio ana wajibu wa aina tatu. Kwanza, atie mabano kila NA inapokutana na AU. Pili, aamue mapema nafasi tupu zihesabiwe wapi. Tatu, kando ya kila jibu aonyeshe idadi ya zilizopita, ya zilizokataliwa na ya zisizojulikana. Jumla ya hizo tatu lazima ilingane na kumbukumbu zote.

Jambo hili huweza kufanyiwa zoezi darasani bila kompyuta. Wanafunzi waandike kadi, moja kwa kila mwanafunzi, zenye kijiji atokako na somo alipendalo. Kadi chache ziachwe na nafasi tupu. Kisha wazichuje kwa masharti mawili, kwanza kwa mabano na baadaye bila mabano, na kila mara wahesabu kadi zilizobaki mezani pamoja na zile walizozichukua.